Baiskeli Juu ya Matofali

Sista Namakoye aliiinua barazani pa kliniki,
matofali mawili huku, mawili kule,
gurudumu la nyuma likaning'inia
kama mguu wa kuku aliyeshikwa.
Akasema: Wepukhulu, panda.
Nikamuuliza: nampeleka nani?

Hakucheka. Ndiyo maana nilipanda.

Zamani niliijua Mbale kwa mapaja.
Namakwekwe mia tano, Nkoma mia saba,
njia ya Wanale, samahani mzee, shuka tusukume.
Nilijua nani namdai, nani hulipa Ijumaa,
nani hujifanya anaongea na simu tukifika.
Hadi asubuhi ile nilipomshusha mama mmoja
langoni pa kiwanda cha kahawa:
mguu wangu chini, noti yake mbele yangu,
nami sijui nimetoka wapi,
wala kwa nini mtu huyu ananipa pesa.

Baadaye wakaja abiria wengine, wasiolipa.
Mmoja ana sauti ya mwalimu mkuu wa shule yetu.
Mwingine mwanamke, kazi yake kuhesabu:
moja, mbili, nne, nne, nne.
Hukaa nyuma yangu, kwenye kiti cha sponji,
hata nikiwa sina baiskeli.
Hata nikilala.

Sindano iliwapunguza sauti, sikatai.
Ilinipunguza na mimi.
Tumbo likaota, mikono ikawa ya mtu mwingine,
na maneno yakawa yananifikia
kama barua iliyozunguka posta zote
ikaja imelowa, bahasha wazi.
Khainza, dada yangu, husema jambo mara tatu
na mara ya tatu hulisemea sufuria.

Sista husoma maneno kumi, nami nimrudishie.
Kijiko. Mvua. Ng'ombe. Kofia. Daraja.
Mengine siyataji, bado ni ya mtihani.
Siku ya kwanza nilirudisha matatu
na moja lisilokuwa lake: kisu.
Aliandika yote manne, bila kuinua nyusi.

Basi nikaendesha.
Dakika kumi, moyo ukigonga kama mdai mlangoni.
Wagonjwa wa malaria kwenye benchi wananitazama
mtu anayetoka jasho asifike popote.
Kijana mmoja akaita: boda, Soroti shilingi ngapi?
Nikamjibu: panda, nakupeleka bure.
Benchi zima likacheka, na mimi
nikasikia kicheko changu kikichelewa kidogo,
lakini kikifika.

Dakika kumi na tano. Ishirini.
Nikagundua jambo ambalo hakuna aliyeniambia:
hata wao hupumua.
Kwenye dakika ya kumi na nane
mwalimu mkuu huishiwa na pumzi katikati ya tusi.
Mimi bado.

Nisiseme uongo. Wiki ya tano, maneno sita.
Wiki ya sita, manne.
Wiki ya nane sikwenda; nilihesabu mabati
na mabati yakanihesabu.
Sista akamtuma mlinzi aje na ujumbe mmoja tu:
mnyororo umetiwa mafuta.

Wiki ya kumi na mbili, saba.
Daraja lilikuwamo. Nililivuka.

Juzi Khainza akanituma kwa Mugide dukani.
Alishika kalamu aniandikie, akaiweka chini.
Chumvi, akasema, sabuni ya mche,
mafuta ya taa, kiberiti.
Alisema mara moja tu. Nilimsikia akijizuia.

Nilirudi na chumvi.
Nilirudi na sabuni, na chupa ya mafuta.
Chenji sahihi, hadi shilingi hamsini.
Nikasimama mlangoni, mkono wa kushoto mtupu,
na nyuma yangu yule mwanamke akaanza:
nne, nne, nne.

Miaka sita ananiharibia hesabu.
Leo alikuwa sahihi.

Niliweka vitu chini nikageuka, nikakimbia,
kandambili zikipiga vumbi, jirani wakichungulia,
na jina la kitu chenyewe likanipata
karibu na bomba la maji,
pumzi zikiwa juu.