Sanduku Halikujua Habari

Miniang alirudi kwa ndege,
ndani ya jeneza la zinki lenye lakiri ya forodha ya Genova
na karatasi tatu za kusaini.
Nilisaini. Mkono uliandika jina langu
kana kwamba ni jina la jirani.

Kesho yake baada ya maziko tulishuka mtoni, kama ilivyo ada yetu Ilocos.
Dada yangu Primitiva alichoma mabua ya mpunga,
akaloweka majivu, akatuosha vichwa mmoja mmoja.
"Majonzi yaende na maji," akasema.
Maji yalikwenda.
Mimi nilirudi nyumbani na nywele zilizolowa.

Siku tisa za novena nyumba haikupata nafasi ya kulia:
majirani, viti vya kukodi, masufuria ya wali wa nazi,
na Krisanta mke wangu akiongoza rozari
kwa sauti ya mweka hazina anayehesabu hela za chama,
isipotee hata moja.
Salamu Maria. Salamu Maria.
Mimi nilikaa barazani nikitengeneza feni nzima.

Padre Eladio alikuja. Hakunihubiria.
Nilimwuliza mimi: yuko toharani mwanangu,
aliyemwogesha kikongwe wa watu miaka kumi na mmoja
ili sisi tuezeke paa?
Alinyamaza kitambo.
"Kama yuko, Fausto, hatakawia. Lakini mwombee.
Akiwa hana haja nayo, sala hiyo itamfaa mwingine."
Kisha akanishikia bisibisi.

Siku ya arobaini, saa nne asubuhi,
lori lilipiga honi langoni.
Sanduku. Limezungushiwa gundi pande zote,
lanifika kiunoni,
jina langu kwa wino mzito, mwandiko wake,
ile F yenye mkia.
Alilipeleka bandarini juma moja kabla moyo wake haujasimama.
Yeye alipita juu. Lenyewe lilikuja polepole na bahari,
halijui habari.

Krisanta alitaka tungoje Misa iishe.
Nilichukua kisu.
Sabuni. Kahawa. Nyama za kopo.
Taulo zenye harufu ya kabati la wageni.
Dawa ya magoti ya mama yake.
Na chini kabisa, katika gazeti la Kiitaliano, viatu vyeusi,
ndani ya kimoja karatasi iliyokatwa umbo la mguu.
Krismasi ya mwaka juzi alinisimamisha juu ya kalenda kuukuu,
akazungusha penseli, nikacheka kwa kutekenyeka.
Nilidhani ni mchezo.

Vilinitosha. Hata kidole changu kilichopinda kilipata nafasi yake.
Ndipo nilipolia, nimekaa sakafuni, kiatu kimoja mguuni,
mbele ya dereva anayengoja saini.

Jioni nilivivaa kanisani. Vililia nyi, nyi, nyi,
mpaka benchi la tatu, watu wakageuka.
Tangu maziko, kila tukisali Nasadiki
nilikuwa nafunga mdomo penye ufufuko wa miili.
Roho sikuwahi kuiona, sikuwa na ugomvi nayo.
Lakini miili:
kidole gumba chenye vumbi la penseli,
kiganja kilichonibana kifundo nisitikisike,
mkono ulioiandika ile F.

Safari hii nilitamka. Kwa shida, nyuma ya wenzangu.
Wao wamekwisha fika kwenye Amina,
mimi bado niko kwenye miili.