Singo ya Saba

Mtaka cha mvunguni huinama,
nami Jumamosi hii nimepiga magoti
kwenye sakafu baridi ya soko la Stockport,
kichwa chini ya meza ya Bwana Ogden,
makalio yakisalimia wateja.
Juu mezani ni albamu, za wenye pesa.
Singo hukaa chini, ndani ya masanduku ya ndizi,
pauni moja, au mbili ukionyesha hamu.
Usionyeshe hamu.

Nawatafuta Slate Heron, wale wa Bolton,
magitaa matatu na ngoma moja yenye hasira,
singo kumi na moja tangu sitini na nane hadi sabini na sita,
kisha wakagombana, wengine husema kwa ajili ya pesa,
wengine kwa ajili ya gari la kubebea vyombo.
Ninazo kumi. Ya saba hainijii.

Wenzangu wa zamu ya usiku hospitalini huniuliza:
wewe wa Muheza, makelele haya yanakuhusu nini?
Nitawaambiaje
kwamba Januari yangu ya kwanza hapa,
chumba cha kupanga juu ya duka la chipsi,
mpangaji aliyehama aliacha mashine na santuri moja tu,
nikaipiga hadi nikapajua
pale mwimbaji anapovuta pumzi kabla ya kiitikio,
pumzi ya mtu aliyepandisha ngazi na mzigo.
Maneno yalinipita. Pumzi niliielewa.

Sasa nasoma santuri kama wengine wasomavyo viganja.
Naiinamisha kwenye taa, mikwaruzo ijitaje;
nasoma namba iliyochongwa karibu na lebo,
pale sindano inapochoka;
naijua iliyotoka katika mashine ya baa,
maana imetobolewa tundu kubwa katikati
kama ndewe isiyo na kipuli.

Na naujua mwandiko wa Doreen.
Kwenye nne kati ya kumi zangu, juu ya lebo ya kijani,
kwa kalamu ya bluu: DOREEN HULME,
herufi zimekandamizwa hadi karatasi ikalia.
Moja niliinunua Macclesfield, mbili hapa hapa,
moja ilikuja kwa posta ndani ya soksi.
Nikaanza kumjenga: sketi fupi,
kazi kiwandani, mshahara wa Ijumaa
ukiyeyukia dukani kwa santuri.
Mwisho sikujua nakusanya bendi au namkusanya yeye.

Leo, sanduku la tatu,
kati ya Krismasi ya watoto na tarumbeta za wachimba makaa:
ya saba.
Haina jalada. Ukingo umemeguka kidogo. Bluu: DOREEN HULME.
Nikainuka ghafla, nikagonga kisogo mezani.
Hamu hiyo, ikaonekana.

"Tatu," akasema Ogden. Kisha akaitazama lebo, akacheka.
"Doreen? Yule pale, anauza vifungo."

Hatua kumi na nane.
Bibi wa miaka themanini, miwani kwenye kamba,
anahesabu vifungo vya mfupa kwa ncha ya penseli.
Akaishika santuri kama risiti ya deni lililolipwa.
"Hawa? Mimi sikuwapenda hata siku moja.
Zilikuwa za Roy, mume wangu. Akiishiwa,
anaziuza baani. Nikaandika jina langu
asije akauza kisicho chake."
Akanirudishia.
"Akauza."

Nikanunua vifungo vinne.
Sina koti linalovihitaji.

Usiku huu sina zamu. Ya saba
inakwama ubeti wa pili, inarudia neno moja,
neno moja, neno moja, hadi niisukume kwa kidole.
Nikaigeuza.
Upande wa pili ni safi, mweusi kama kioo cha dirisha usiku,
hauna hata unywele wa mkwaruzo.
Roy hakuwahi kuufikia.