Daftari la Geti

Februari, saa kumi na moja alfajiri, geti la Njiru,
watu walikuwa wengi kuliko mwanga.
Niliandika hadi kalamu ikanisaliti,
nikaazima nyingine kwa askari wa zamu:
mia nne na kumi na mbili.
Wengine walikuja na koleo zao,
mpini umeviringishwa kitambaa,
kana kwamba koleo ni barua ya sifa.
Osewe alivaa shati la kanisani.
"Leo si ni usaili?" akauliza.
Nikamwonyesha shimo.

Machi tulichimba. Aprili mvua ikachimba kutuzidi,
tukalipwa nusu, maana mvua haitii sahihi.
Mei kikaletwa kijiko cha manjano,
kimefunikwa turubai kama bibi harusi,
na siku iyo hiyo nikakata majina arobaini.
Nilitumia rula. Sikutaka mistari ipinde.
Kijiko hakiombi ruhusa ya matanga,
hakikopi githeri hadi Jumamosi.
Kilitaka mtu mmoja tu wa kukiendesha,
naye akatoka Thika na mkoba wa ngozi.

Juni hadi Septemba, majira ya nondo na zege,
daftari likanenepa tena.
Vijana wa Musembi walifunga waya
vidole vikienda mbio kama vya msusi.
Kwamboka akapewa bendera mbili, nyekundu na kijani,
akasimamisha malori, mabasi,
na msafara mmoja wa mheshimiwa
uliokuwa na haraka ya kwenda kuhutubia juu ya ajira.
Chapati za Mama Ndanu zikapanda shilingi tano.
Vyumba vya mabati vikajaa,
mwenye nyumba akaongeza vingine juu ya mtaro.
Hapo ningesema uchumi unakua,
kama ningeulizwa.

Niliulizwa Oktoba.
Bwana mmoja wa takwimu alikuja na tarakilishi,
akataka hesabu, si majina.
Nikamsomea, akaichora: kilima,
kilele Agosti, kisha mteremko.
"Sekta imepungua," akasema taratibu,
kama daktari mbele ya jamaa za mgonjwa.
Nikautazama ule mteremko.
Kileleni alikuwa Osewe,
katika shati lililokuwa la kanisani.
Pale mstari unapoanza kuinama, Kwamboka,
bendera zimekunjwa kwapani,
taa zimefungwa njia panda, zinamfanyia kazi bila chai.
Chini kabisa, mstari ukikaribia sifuri,
nilimwona mtu ameshika daftari.
Sikumwambia yule bwana.
Hakuwa na safu ya kumweka.

Lami ilipita Novemba na watu kumi na tisa.
Wachora mistari walikuwa wanne;
walimaliza kwa usiku mmoja, wakaenda na ndoo zao.
Kazi yetu ni ya ajabu: ukiifanya vizuri, inakufukuza.
Mshonaji akimaliza gauni, kuna gauni jingine.
Mwalimu hupata darasa jipya Januari.
Sisi tunakaza bolti ya mwisho,
na bolti yenyewe ndiyo komeo
la mlango tulioingilia.

Desemba, tarehe tano, daftari lilikuwa na jina moja.
Nililiita kwa sauti. Desturi ni desturi.
Nikaitika.
Nikatia tiki, nikafunga geti
ambalo halikuwa tena na ua;
mabati yote yalikuwa yamekwisha kung'olewa.

Juu, magari.
Nikashuka hadi nguzo ya kumi na nne,
ile Musembi aliyoirudia mara mbili
kwa sababu mhandisi aliona ufa ambao sisi hatukuuona.
Kulikuwa na baridi pale, na harufu ya mto.
Nikampigia. Watu walisema yuko kwenye bwawa jipya huko kaskazini,
malipo kila wiki, malazi bure.
Simu haikuita hata mara mbili.
"Karani!" akasema, na kabla sijafungua kinywa:
"Nilikuwa natafuta namba yako.
Huko Nairobi, hakuna kitu?"