Boneti Yenye Joto

Nilipofika Milimani, boneti ilikuwa na joto.
Niliiwekea kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto,
nikadhani ni jua la Kisumu, la saa nne,
lisilobagua bati wala utosi.
Bwana Agutu, mfamasia mstaafu, alitabasamu tu.
Alikuwa ameliamsha gari tangu alfajiri
ili lisikohoe mbele yangu.

Subaru ya buluu, ya mwaka niliofanya mtihani wa darasa la nane,
tundu la tabo juu ya boneti, wazi kama pua ya fahali,
kilomita elfu tisini kwenye dashibodi.
Lakini mpira wa pedali ya klachi ulikuwa umelika hadi chuma,
na chuma kile hakikulika kwa kilomita elfu tisini.
Nilikiona. Sikukisoma.
Mkopo wa sako ulikuwa unanichoma mfukoni.

Wiki ya kwanza nilikuwa mfalme.
Barabara ya Kakamega, mlima wa Riat, gia ya tatu,
halafu ule mluzi wa tabo ikiingia kazini.
Siwezi kukudanganya:
hata leo nikiukumbuka, shingo inasisimka.

Wiki ya tatu, papo hapo Riat,
mshale wa joto ulipanda mlima kutushinda.
Mvuke.
Wachoma mahindi walinikimbilia na dumu la maji,
mmoja akauliza, "Mwalimu, chai hii ni ya wangapi?"

Fundi Nanjala, gereji nyuma ya soko la Kibuye,
alichukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni,
akafumba macho.
Nilisimama nimeshika kofia, sijui kwa nini.
"Gasketi ya hedi," alisema. "Na ya upande wa pili iko njiani.
Tabo inakunywa oili.
Mkanda wa taimingi, hakuna ajuaye ulibadilishwa lini.
Bushi za mbele zimebaki jina."

Gasketi na kusagwa kwa hedi, elfu hamsini na tano.
Mkanda, elfu kumi na nane,
na pampu ya maji, kwa kuwa umeshafungua, mbona uifungie uzee ndani?
Oili ya bei, si ile ya kupimiwa kwenye chupa.
Petroli tusiitaje, Akeyo yuko jikoni.
Bwana Agutu alinipunguzia nusu ya bei;
nusu ile nimeilipa kwa vipande, kaunta baada ya kaunta.
Yote nimeyaandika kwenye daftari la shule,
lenye jedwali la kuzidisha nyuma,
kana kwamba waliolichapa walinijua.

Leo Jumamosi. Kijana Ombima anakuja kutoka Mbale,
amesema kwenye simu ana pesa taslimu
na sauti yake inakimbia mbele ya maneno.
Naijua sauti hiyo.
Akeyo anachungulia dirishani: "Hulipashi moto?"

Gari limelala nje usiku kucha,
umande wa ziwa bado uko kwenye kioo.
Ufunguo uko mezani, daftari kando yake.
Ataweka kiganja, atakuta baridi.
Likikohoa, na likohoe.
Na akilipenda vivyo hivyo, maana wapo tupendao hivyo,
namba ya Nanjala iko ukurasa wa mwisho,
juu kidogo ya mara tisa.