Nukta Tatu

Fomu ina maswali ishirini na mawili.
La kumi na nne ndilo wanalolisubiri mjini Mbeya:
*Baada ya upasuaji, ulirudi kazini siku ya ngapi?*
Kisanduku kimoja, tarakimu mbili, basi.

Nilipanda Isongole asubuhi, ukungu haujaamua
kuwa mvua au kubaki moshi wa majiko.
Mkobani orodha: wanawake thelathini na mmoja,
kumi na sita wa matundu madogo,
kumi na watano wa mshono mrefu.
Majina hayaruhusiwi, ni namba tu.
Lakini Namba Kumi na Tisa alinipokea kwa jina lake,
Atuganile,
akamenya kiazi cha moto kwa kucha,
akakipuliza kana kwamba mimi ni mtoto, akanipa.

Siku yake nilikuwapo. Nilishika saa.
Daktari Mbwilo alimjaza gesi,
tumbo likainuka kama chapati inapokaribia kuiva,
kamera ikapita kitovuni,
mlango uliofungwa tangu alipozaliwa,
na pale kwenye kioo tukakiona kizazi:
chekundu, kinang'aa,
kidogo kuliko masimango yote kiliyobebeshwa.

Daktari alikuwa amejifunza mwaka mzima
kwa katoni ya mafuta ya kupikia, kaitoboa mashimo,
akihamisha maharage kutoka kisosi hadi kisosi,
punje moja, punje moja,
kwa mikono ya chuma mirefu kama miguu ya korongo.
Manesi wa usiku walimcheka: Daktari, yataiva lini?

Yaliiva. Uvimbe ulitoka ndani ya kifuko
kwa tundu lisilozidi punje ya hindi.
Dakika sabini na nne.
Damu isiyojaza kikombe cha kahawa.
Niliandika yote.

Sasa la kumi na nne.

"Siku ya sita," akasema.

Sita! Wa mshono mrefu husema thelathini, arobaini.
Niliona mstari wa grafu ukiteremka kama barabara ya Kyela,
nikasikia makofi ya ukumbini,
kalamu imeshagusa karatasi.

"Kwa hiyo siku ya sita uliweza?"

"Nani kasema niliweza?
Umeuliza nilirudi lini."

Akafunua upindo wa kitenge.
Makovu matatu, ungedhani siafu walipita.
"Mama mkwe aliyatazama haya mlangoni, penye mwanga.
Akasema, mimi walinipasua kutoka hapa mpaka hapa,
nyuzi kumi na nane, nikalala mwezi.
Wewe umechanjwa tu. Viazi vinaoza.
Mume wangu akahesabu, moja, mbili, tatu,
akarudia kuhesabu,
akatoka nje.
Na bega! Wiki nzima bega liliniuma.
Tumbo limekatwa, bega linalia,
ningemwambia nani?"

Nyuma yake jembe limeegemea ukuta,
mpini umeng'arishwa na viganja.
Sikuwa na swali la bega.

Kumbe ule mshono mrefu ulikuwa barua ya ruhusa,
ikisomeka hata na asiyejua kusoma,
nasi kwa ustadi wetu
tumeifupisha
mpaka zimebaki nukta tatu.

Niliandika sita, maana sita ndiyo aliyoisema.
Kisha nikaigeuza karatasi, upande usio na mistari,
nikakaa nao, sijui nianzie wapi.

"Wifi yangu Subilaga mnampasua mwezi ujao," akasema,
"haya haya ya vitundu?"
Nikaitikia kwa kichwa.
"Basi mfungeni bendeji kubwa.
Kutoka hapa," mkono juu ya kitovu,
"mpaka hapa.
Ipitisheni hata mgongoni. Kwani bei gani?"

Akacheka, akajishika tumbo kwa kucheka,
halafu akaliachia polepole.

Chini kabisa ya fomu pana sehemu ya *Maoni mengine*.
Kwa kawaida huwa naipiga mstari.