Ubao wa Mwaloni

Nkwabi ana pampu, viraka vya tyubu, beseni la maji machafu,
na ubao mweusi alioufunga kwenye nguzo ya umeme.
Kila asubuhi jambo moja, kwa chaki.

Hela ilikuwa sarafu ya Wajerumani:
wao waliondoka, jina likabaki mfukoni.

Mwezi hauna mwanga wake, umekopa.
(Wauza dagaa wakacheka: hata sisi.)

Jumatano ilinyesha.

Alhamisi akaandika:
Ziwani waliishi furu wa aina mamia.
Akaletwa sangara, akawala.
Wengine walitoweka kabla ya kupewa jina.

Bi Holo hasomi. Alisomewa.
Akatua ndoo.
"Kabla ya kupewa na nani?"

Akaanza kuhesabu kwa Kisukuma cha mama yake:
yule wa tumbo jekundu,
yule wa kwenye mawe,
yule aliyepikiwa mzazi,
kila mmoja na jina lake, kidole baada ya kidole.
Vidole vikaisha, akaazima vya Nkwabi.

Sasa ni saa nne. Baiskeli ya mteja imelala miguu juu.
Mstari wa mwisho umefutwa kwa kiganja,
na Nkwabi, chaki hewani, anauliza:
"Hilo la tatu, mama,
linaanza na n, au ng'?"