Glavu za Mkaguzi

Siku ile alipokuja mkaguzi wa kazi
glavu zilitoka kabatini saa tatu asubuhi,
za manjano, bado na karatasi ya bei,
jozi kumi na moja kwa wanawake kumi na mmoja.
Mama Cibalonza hakuweza kuvaa zake.
Vidole vyake vimevimba tangu mvua za kwanza,
akazishika tu, kama anayebeba vifaranga.

Tukapewa na viti. Viti vya ukumbi wa harusi,
vile vyenye utepe mweupe mgongoni.
Hatukujua tukae vipi mbele ya beseni;
aliyezoea kuinama, kiti humchosha kiuno.

Hoteli hii iko Nguba,
madirisha yake yanatazama ziwa,
ila sisi tuko chini, nyuma ya jenereta,
ambako ziwa tunalijua kwa ndoo.
Shuka sitini kwa siku. Wakati wa semina, mia.
Javeli tunaipima kwa jicho,
na jicho lenyewe limeungua.

Mkaguzi akauliza: Mnapumzika?
Patroni akajibu: Wanapumzika.
Akauliza: Mna maji ya kunywa?
Akaonyeshwa chupa. Ilikuwa ya chumba cha nane,
mgeni aliiacha nusu.
Nsimire akakohoa. Ni kikohozi chake cha kila siku,
cha mvuke na javeli, lakini siku hiyo
kilisikika kama mtu anayeomba kusema.
Mkaguzi akageuka.
Nsimire akatazama chini.
Ana watoto wanne, na deni la ada kule Kadutu.

Saa sita akapelekwa juu kula sambaza.
Saa sita na robo tulizihesabu glavu, moja moja,
zikaanikwa, zikafungiwa.
Viti vikarudi kwa maharusi.

Siku mbili baadaye, katika kapu la chumba cha kumi na nne,
chumba cha wageni wa patroni, wasiolipa,
niliona shati la samawati. Nililijua:
kola yake ndiyo niliyoitazama
nilipoogopa kutazama uso.
Mfukoni, karatasi iliyokunjwa mara nne.
Visanduku. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka chini,
kwa mwandiko mzuri wa shule ya masista.
Glavu: ndiyo. Viti: ndiyo. Dawa ya majeraha: ndiyo.
Dawa yetu ni mawese ya Mama Cibalonza,
anayaleta ndani ya kikopo cha nyanya.

“Itie javeli,” akasema Nsimire,
“iwe nyeupe kama ilivyozaliwa.”
Tukacheka mpaka mmoja akashika ukuta.
Lakini nikawaza: karatasi nyeupe
nayo itasema hatuna neno.

Tukainyoosha kwa pasi ya makaa, polepole,
kama kitambaa cha altare.
Nyuma yake, kwa kalamu ya kuhesabia taulo,
nikaandika: Glavu zilirudi kabatini saa sita na robo.
Njoo siku ambayo hukuagiza.

Majina hatukuweka. Tuliweka vidole gumba
kwa wino wa mhuri
tuliouazima kwa Byamungu wa mapokezi,
naye hakuuliza wa nini.

Mwaka wa kuandikisha kadi za uchaguzi
mashine ilikataa kidole changu mara sita.
Kijana akaniambia: Mama, wewe huna mistari.
Niliona haya, kana kwamba nimeipoteza kwa uzembe.
Basi kwenye karatasi ile yalibaki madoa kumi na moja,
laini, matupu, kama punje za maharage,
na ukiyatazama sana
huoni mtu.

Shati nililipandisha mwenyewe, juu ya kiango,
karatasi mfukoni, kwa mikunjo yake ileile minne.

Hajarudi bado.
Leo ni shuka sabini na mbili.
Kabati lina kufuli, na kila nikipita
nasikia harufu ya mpira mpya.